Nyanya F1 nyuma ya nyumba ukanda wa pwani: geuza pakiti, soma herufi za nyuma

Mkuu, umesema uko Kibaha, una kaeneo nyuma ya nyumba ka kutosha mashina ishirini hivi. Jirani kakwambia uachane na Tanya, ile nyanya ya kawaida isiyo chotara, ununue F1, na dukani umewekewa pakiti nne mezani, bei zikakushtua. Unauliza uchukue ipi, na kama msimu ujao unaweza kukamua mbegu mwenyewe. Mimi nimelima nyanya za nyumbani Tengeru kule Arusha, baadaye nikahamia Chanika, na bado nalima. Nikujibu kwa kirefu, kwa sababu majibu mengi yanayotolewa kuhusu jambo hili ni ya watu wenye ekari, si ya mtu mwenye mashina ishirini.

Kwanza tuondoe hofu moja, maana kuna mchangiaji hapo juu kaandika kwamba chotara, yaani hizi F1, ni mbegu za maabara zilizobadilishwa vinasaba. Sivyo. F1 ni mtoto wa kwanza wa wazazi wawili waliochaguliwa na kutunzwa kila mmoja kwa ukoo wake. Mtu anakaa kwenye banda, anafungua ua la mmea mama kabla halijakomaa, anaondoa sehemu za kiume kwa kibano, kisha anapaka chavua ya mmea baba. Ua moja baada ya jingine, kwa mkono. Ndiyo sababu ya bei ile, na ndiyo sababu pakiti nyingi za F1 zinauzwa kwa kuhesabu mbegu badala ya kupima gramu.

Sasa, ipi? Usianze na picha ya mbele wala na maneno "inazaa sana". Geuza pakiti. Nyuma kuna herufi, na hizo herufi ndizo unazolipia. F au Fol ni mnyauko wa fuzari. V ni mnyauko wa vertisilia. N, au Ma, Mi, Mj, ni minyoo fundo, wale wanaoacha vinundu kwenye mizizi. ToMV ni batobato, virusi vinavyotia majani mabaka. TYLCV ni rasta, yaani majani ya juu kujikunja, kuwa ya njano pembeni na mmea kudumaa. Rs au BW ni mnyauko bakteria. Mbele ya herufi utaona HR au IR: ya kwanza ni ukinzani mkubwa, ya pili ni wa kati, maana yake mmea utaugua kidogo ila utaendelea kuzaa ukiutunza. Hakuna herufi inayosema "hauugui kabisa".

Kwa pwani, herufi ya kutafuta kabla ya zote ni TYLCV. Huku joto haliondoki, inzi weupe wanazaliana mwaka mzima, na wao ndio wanaobeba virusi vya rasta kutoka mmea hadi mmea. Mche ukishikwa kabla ya kutoa maua, sahau kuvuna chochote cha maana, na hakuna dawa ya kumtibu mmea aliyekwisha kupata virusi. Tengeru nilikuwa nahangaika na kitu kingine kabisa: Juni na Julai ukungu unatanda asubuhi, baridi na unyevu, bakajani chelewa inaunguza majani kwa siku chache tu. Kwa hiyo mtu wa Arusha au Lushoto akikusifia aina fulani, muulize kwanza inamkinga na nini. Aina iliyomwokoa yeye inaweza isikusaidie wewe Kibaha hata kidogo.

Mfano mzuri ni Anna F1, ambayo imekuwa maarufu sana Kenya kwenye mabanda ya nailoni. Ni nyanya ndefu, inazaa muda mrefu, ina kinga ya fuzari na minyoo. Lakini ukiitoa bandani ukaiweka wazi pwani penye inzi weupe, hapo hutegemei mbegu tena, unategemea wavu wako. Tylka F1 nayo ni ndefu, na hiyo inastahimili rasta. Assila F1 ni fupi, ya kulima nje, nayo inastahimili rasta. Kwa mazingira uliyoeleza mimi ningeangalia hizi mbili kwanza, au nyingine yoyote utakayoikuta dukani yenye TYLCV na N pamoja. Jina si muhimu kama herufi, maana majina hubadilika kila baada ya miaka michache na maduka hayana akiba ileile.

Ndefu au fupi? Fupi hufika kimo fulani zikakoma, zinazaa karibu kwa mkupuo mmoja na zinaisha. Zinamfaa anayeuza au anayetaka kusindika rojo. Kwa jikoni napendelea ndefu, ambazo zinaendelea kurefuka na kukupa nyanya chache chache kila wiki kwa miezi. Ila ndefu zinataka mkono wako: simika nguzo imara, shusha kamba, bakiza shina moja au mawili, na kila wiki uvunje machipukizi yanayochomoza kwenye kwapa la jani yakiwa bado madogo. Vunja asubuhi pakiwa pakavu, na nawa mikono kwanza, hasa kama unavuta sigara, kwa sababu batobato husafiri kwa mikono. Kama unajua wiki nzima uko kazini na hakuna wa kukusaidia, chukua fupi bila kujilaumu.

Msimu ni jambo ambalo wengi wa pwani wanalipuuza, na linawaponza kuliko mbegu. Chavua ya nyanya huharibika mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, na usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 maua yanapukutika bila kufunga tunda. Januari hadi Machi huku kwetu usiku wenyewe ndio huo. Mtu anaona maua yanadondoka, anakimbilia kununua busta ya kunyunyizia mmea, wakati tatizo ni kalenda. Sia mwishoni mwa Aprili, hamishia miche bustanini mwishoni mwa Mei masika yakiwa yanakatika, ili maua yafunguke Juni na Julai wakati usiku umepoa. Agosti unaanza kuchuma.

Na ile Januari usiiache bure. Lima eneo lako, limwagilie mpaka udongo uloe, funika na nailoni angavu, zika kingo zake, liache likae juani wiki nne hadi sita. Joto la chini ya nailoni linaua minyoo fundo wengi na vimelea vya tabaka la juu. Udongo wetu wa kichanga ndio minyoo hao wanaoupenda. Hapa kuna jambo ambalo pakiti haikwambii: kinga ya minyoo iliyomo kwenye nyanya nyingi inatokana na jeni moja inayoitwa Mi (si ile Mi ya kwenye pakiti, ambayo ni jina la mnyoo), na udongo ukizidi nyuzi 28 kinga hiyo inalegea. Kwa hiyo N kwenye pakiti bila matandazo ni nusu ya ulicholipia. Weka nyasi kavu nene kuzunguka shina, na kama unapanda kwenye ndoo za lita 20, tumia nyeupe, acha nyeusi.

Kitalu. Nimeona watu wananunua mbegu ghali kisha wanaimwaga kwenye tuta wazi. Tumia trei, mbegu moja kila tundu, na funika kuanzia siku unayosia. Chandarua cha mbu hakitoshi, kwa sababu inzi mweupe ana urefu wa kama milimita moja na anapenya kwenye matundu yake. Mimi natumia kitambaa chepesi cha pazia la ndani, kile kinachopitisha mwanga, kimetandikwa juu ya vijiti vilivyopindwa. Hata mbegu yenye kinga ya rasta inahitaji hifadhi hii, kwa sababu kinga inashindwa mche ukishambuliwa na kundi kubwa ungali mchanga. Miche ikifika wiki nne, punguza maji na fungua kitambaa kidogo kidogo kwa siku kadhaa ili ikomae, kisha hamisha jioni. Sentimita 60 kati ya mistari na 45 hadi 50 kati ya mashina zinatosha.

Yapo mambo mawili ambayo F1 haitakusaidia. La kwanza ni kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Anatoboa mifereji ndani ya jani, kisha anaingia kwenye tunda. Usiamini muuzaji anayekwambia mbegu yake "hailiwi na kantangaze". Kwa mashina ishirini una faida ambayo mwenye ekari hana: kila asubuhi pita, chuma jani lenye mfereji, liweke kwenye mfuko wa nailoni, funga, anika juani. Ongeza mtego wa feromoni, ule wa harufu inayovuta madume, kama unaupata.

La pili ni kitako cheusi, tunda kuoza kuanzia chini. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalisi kutofika kwenye tunda, na sababu ya kawaida ni maji ya leo mengi, kesho hakuna. Nyanya zenye umbo refu hupatwa zaidi kuliko za duara. Mwagilia kwa kipimo kilekile, chini kwenye mizizi, na usizidishe urea.

Mnyauko bakteria nautaja peke yake kwa sababu unatia uchungu. Mmea wa kijani kabisa unanyong'onyea mchana, kesho kutwa umekufa. Kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi za maziwa zinashuka, ndio huo. Hakuna dawa. Ng'oa na udongo wake, usipande hapo nyanya, bilinganya, pilipili wala nyanya chungu, hamia kwenye ndoo zenye udongo kutoka kwingine. Msimu unaofuata tafuta mbegu yenye Rs, au miche ya nyanya iliyobebeshwa juu ya shina la bilinganya kama kuna mwenye kitalu anayeifanya karibu nawe.

Kuhusu kukamua mbegu: ukikamua F1 zitaota, na zitazaa, ila hazitafanana. Kinga zinagawanyika. Kinga iliyobebwa na jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja, ukisia kizazi cha pili, kwa wastani mche mmoja katika kila minne unazaliwa bila kinga hiyo kabisa, na huwezi kuujua kwa macho mpaka rasta iingie. Kwa eneo lako dogo mimi nisingefanya hivyo. Nunua pakiti mgawane na majirani watatu, zilizobaki ziweke kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, ndani ya friji. Mbegu za nyanya zikiwa kavu na baridi hudumu miaka kadhaa. Hakikisha pakiti ina lebo ya kukwangua ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu nchini, na uihakiki kwa simu palepale dukani. Ukinunua miche badala ya mbegu, mwambie mwenye kitalu akuonyeshe pakiti aliyosia.

Na Tanya usiitupe. Tanya na Tengeru 97 zilitolewa Tengeru mwaka 1997, si chotara, nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu ukiikamua unapata ileile. Panda mashina manne matano pembeni. Chagua shina lenye afya kuliko yote, kamua tunda lililoiva sana, acha mbegu zichachuke na maji yake siku mbili au tatu, osha, anika kivulini. Ganda gumu la Tanya ni la wasafirishaji, lakini kwa mchuzi haina shida. Kwa kachumbari utataka kitu laini zaidi, na hapo Money Maker ya zamani bado inazishinda F1 nyingi nilizoonja. Ya sokoni inabidi ivumilie tenga na lori, yako inasafiri kutoka nyuma ya nyumba hadi jikoni.

Ukirudi dukani piga picha ya nyuma ya zile pakiti nne, si ya mbele, uiweke hapa. Na utuambie hapo nyuma ya nyumba palipandwa nini misimu miwili iliyopita. Kama ni bilinganya au pilipili, nitabadilisha ushauri.