Shangazi wa Bili: "Daktari wa mama anataka tumpigie simu mbunge"

Wanangu, mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, madaktari wa Marekani wanaotaka Bunge liwaongezee malipo, nadhani kuna watu huko kliniki wamegawa karatasi. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ya bili ya kliniki moja hapa Texas, kwa hiyo haya mambo ya nani analipwa nini nayajua kwa kuumia macho, sio kwa kusimuliwa. Tuanze.

*Shangazi shikamoo. Naishi na mama yangu Columbus, Ohio, ana miaka 71, raia, ana kadi ya Medicare, ile bima ya serikali ya wazee. Juzi tumeenda kwa daktari wake tukapewa karatasi inasema malipo ya madaktari yanakatwa, eti tupige simu kwa mbunge. Mama kaniuliza, huyu daktari ana gari zuri kuliko letu, sisi tumsaidie kuomba mshahara? Nikakosa jibu. — Kitinda Mimba, Ohio*

Marahaba mwanangu, na mwambie mama swali lake ni la maana.

Iko hivi. Medicare haikai na daktari kuelewana bei. Tangu 1992 kila huduma ina pointi zake, kumwona mgonjwa zake, kushona kidonda zake, halafu hizo pointi zinazidishwa na kiasi fulani cha dola ambacho serikali inakitangaza kila mwaka. Mwaka 2001 pointi moja ilikuwa dola 38.26. Mwaka 2025 ilikuwa dola 32.35. Umesoma vizuri, imeshuka, na hapo hujagusa habari ya kupanda kwa maisha, kodi ya jengo, mshahara wa nesi, glavu, umeme. Hospitali zenyewe zina nyongeza ya kila mwaka inayofuata kupanda kwa gharama zao, ila daktari mwenye kliniki yake hana hiyo, ndo maana wanapiga kelele. Na sheria inasema ukiongeza pointi za huduma moja kwa kiasi kikubwa lazima upunguze kwingine, yaani kama sinia moja la pilau mmekaa kumi, mmoja akijaza kiganja mwingine analamba vidole. Kwa 2026 Bunge liliwapa nyongeza ya asilimia 2.5 ya mwaka mmoja tu, pointi ikafika dola 33.40 kwa walio wengi, basi mwaka huo ukiisha na nyongeza inaisha, wanarudi tena kubisha hodi. Hiyo ndo karatasi uliyopewa.

Sasa upande wa mama, ambao karatasi ya daktari haiwezi kukuandikia. Mama analipa asilimia 20 ya bei iliyokubaliwa kila akimwona daktari (akishamaliza kile kiwango cha mwanzo cha mwaka), kwa hiyo daktari akiongezwa na mama anaongezwa kidogo. Na ile ada yake ya kila mwezi ya Part B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari), iliyokuwa dola 185 mwaka 2025 na ikawa 202.90 mwaka 2026, inapigwa hesabu ibebe kama robo ya gharama zote za Part B. Kwa hiyo sio kweli kwamba nyongeza ya daktari ni bure kwa mgonjwa. Lakini pia sio kweli kwamba haimhusu, manake mimi nimeona kliniki ikibandika tangazo "hatupokei wagonjwa wapya wa Medicare" na nimemwona mzee wa watu akiendesha gari saa mbili kwenda kutafuta daktari wa moyo. Mama apige simu au asipige, hiyo ni yake, ila asipige kwa kumhurumia daktari. Apige kama ana la kwake la kusema.

*Shangazi, mi ni daktari kutoka Mwanza, niko mwaka wa tatu wa mafunzo hapa Marekani, viza ya kazi ya H-1B. Kwenye mkutano wa chama cha madaktari wa jimbo letu wamepitisha fomu ya mchango wa PAC, mfuko wao wa kusaidia wagombea, kila mtu anaandika, bosi wangu kaandika dola elfu moja mbele ya macho yangu. Nikaona aibu kupitisha fomu tupu. Nichangie hata mia? — Msukuma wa Barafuni*

Usichangie hata senti, mdogo wangu! Mtu ambaye si raia na hana green card haruhusiwi kabisa kutoa pesa kwenye uchaguzi wa hapa, iwe wa nchi, wa jimbo au wa mji, na pesa ya PAC ni pesa ya uchaguzi. Kutoa ni kosa, na wao kupokea kutoka kwako wakijua hali yako ni kosa pia. Ukipata green card mlango unafunguka. Viza yako ni ya thamani kuliko aibu ya dakika moja, pitisha fomu useme "visa" basi, watakuelewa, na kama hawakuelewi hiyo ni shida yao.

Kwa faida ya wengine nieleze hii PAC ni nini maana watu wanachanganya. Ada ya uanachama ya chama cha madaktari haiwezi kupelekwa moja kwa moja kwa mgombea wa ubunge wa Washington, imekatazwa. Kwa hiyo wanafungua mfuko wa pembeni, wanachama wanachangia kwa hiari yao, na mfuko ndo unagawa kwa wagombea. Ule wa American Medical Association (AMA), chama cha madaktari cha nchi nzima, unaitwa AMPAC, upo tangu 1961. Mtu mmoja hawezi kuweka zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka kwenye mfuko wa namna hii, na mfuko hauwezi kumpa mgombea mmoja zaidi ya dola 5,000 kwa kila uchaguzi, kura za mchujo zinahesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake. Mchango haupunguzi kodi yako. Na ukizidisha dola 200 kwa mwaka jina lako, kazi yako na mwajiri wako vinaandikwa kwenye rekodi ya serikali ambayo yeyote anaisoma, hata shemeji yako uliyemwambia huna hela.

Sasa wapo mtakaouliza, Shangazi, hii si rushwa iliyovaa tai? Mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Sheria inasema ukimwambia mbunge "chukua hii upige kura hivi" hiyo ni rushwa, jela. Ukimpa kwa sababu unapenda msimamo wake, ni mchango. Mstari ni mwembamba kama uzi wa buibui na sijifanyi siuoni, na dola elfu tano kwenye kampeni ya mamilioni hainunui kura ya mtu. Inanunua kiti kwenye kifungua kinywa alipo mbunge, dakika kumi za kusikilizwa, wakati mama yake Kitinda Mimba dakika hizo hazipati. Mimi hilo ndo linanikera, sio kiasi.

Niwape na kisa. Siku moja kliniki ilinichukua niende Washington pamoja na madaktari, wao na makoti meupe mimi na kiatu kinachobana. Tukadhani tutamwona mbunge, tukapokelewa na kijana wa ofisini kwake, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, ana kidaftari. Daktari wetu mmoja akaanza asilimia, pointi, fahirisi, kijana macho yakawa kama ya samaki wa juzi sokoni. Mwingine akafungua mdomo kusema "na sisi ndo tuliochangia..." mwenzake akamkanyaga mguu mpaka akakohoa! Manake kwenye ofisi ya serikali mambo ya michango hayatajwi kabisa, ni mwiko na sheria iko nyuma yake. Kijana akanigeukia mimi, wewe unafanya nini? Nikamwambia habari ya yule mzee wa saa mbili barabarani, nikamtajia kijiji chake, kiko kwenye jimbo la huyo huyo mbunge. Hapo ndo nikaona kalamu inatembea.

*Shangazi, salamu kutoka Mombasa. Nashangaa na hao madaktari wa Marekani, mara simu, mara kuchangishana kama harambee ya arusi. Kwani hawajui kugoma? Huku kwetu madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na 2024 wakagoma tena siku 56, serikali ikakaa mezani. — Mwana wa Likoni*

Mwana wa Likoni umenichekesha, ila umegusa pale pale penyewe.

Daktari wa Kenya aliyegoma ni mwajiriwa wa serikali, ana chama cha wafanyakazi, mwajiri wake ndo huyo huyo anayemlipa. Daktari wa Marekani mwenye kliniki yake ni kama mfanyabiashara. Wafanyabiashara wakikaa pamoja wakasema "sote tusihudumie mpaka bei ipande" sheria ya ushindani inawashika, kama wauza mchele waliopanga bei. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya madaktari wa kaunti ya Maricopa, Arizona, waliokubaliana kiwango cha juu cha bei, wakaambiwa hata hiyo ni kupanga bei na ni haramu. Kila mmoja kwa uamuzi wake anaweza kujitoa Medicare. Kwa kupanga pamoja, hapana. Lakini kwenda Bungeni pamoja kuomba sheria ibadilishwe, hilo linalindwa na katiba. Kwa hiyo usione wanapiga simu ukadhani ni wapole, mlango wa mgomo wamefungiwa wakabaki na wa Bunge. (Walioajiriwa na hospitali ni habari nyingine, hao wanaweza kuunda chama na siku hizi wanaunda.)

Na hata Tanzania ukiangalia, Machi 2024 hospitali binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya bei mpya za mfuko. Wagonjwa wenye kadi wakabaki getini. Hapa wangefanya hivyo kwa kukubaliana wangekutana na mwanasheria wa serikali.

Usidhani pia hii njia ya Bunge ni ya baridi. 1997 walipitisha kanuni ya kubana malipo ya madaktari, ikianza kuuma kila mwaka Bunge linaiahirisha, mara 17 wameweka kiraka, mpaka 2015 walipoifuta wakati makato ya asilimia 21 yanasubiri mlangoni. Cha kukumbukwa zaidi ni 2008. Makato ya asilimia 10.6 yalitakiwa yaanze Julai 1, Seneti ikashindwa kufikisha kura 60 za kusogeza mswada wa kuyazuia. Wabunge wakaenda likizo ya Julai 4, AMA wakawafuata huko huko na matangazo kwenye majimbo yao, na madaktari wa hapa Texas wakamnyang'anya seneta John Cornyn uungaji mkono waliokuwa wamempa. Julai 9 wakarudi, mara mlango unafunguka anaingia seneta Ted Kennedy mwenye saratani ya ubongo aliyekuwa kwenye matibabu, ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Kura zikawa 69 kwa 30, Cornyn naye akiwa ndani ya ndiyo. Rais Bush akaukataa mswada kwa veto (kura ya turufu), Julai 15 Bunge likamruka. Siku hiyo pale kliniki tulikula keki, nisiwadanganye.

Ila msiwageuze malaika. Hao hao AMA mwaka 1961 walipinga mpango wa serikali kulipia wazee matibabu, wake za madaktari wakawa wanaalika majirani kwenye kahawa, wanawawekea santuri ya mwigizaji mmoja aitwaye Ronald Reagan akitahadharisha kuhusu tiba ya kijamaa, halafu kila mgeni anapewa karatasi aandikie mbunge. Medicare ikapita 1965 hata hivyo, na leo wanapigania iwalipe vizuri. Kahawa ilikuwa ile ile, barua zile zile, maneno tu yamegeuka.

*Shangazi ni mimi tena Kitinda Mimba, nilisahau. Mama amesema atapiga, ana maneno yake, lakini Kiingereza chake ni cha sokoni. Watamcheka?*

Hawamcheki mwanangu. Kaa naye uweke spika, wewe utafsiri. Kitu cha kwanza ataje zip code yake, ile namba ya posta ya mtaa wenu, manake ofisi ya mbunge kwanza inataka kujua kama huyu ni mtu wa jimbo letu, mtu wa jimbo jingine maneno yake yanapita kama upepo. Halafu jina, umri, ana Medicare, na jambo moja tu lililomkuta, kama kliniki imemkataa aseme, kama ada ya mwezi imemshinda aseme hiyo hata kama daktari wake hatafurahi. Asisome ile karatasi ya daktari, wameshaisikia mara mia siku hiyo hiyo. Akimaliza amwambie anayepokea simu anaomba ajibiwe kwa barua, wengi wanajibu. Na kama simu inamtia woga, mwezi wa nane wabunge wanarudi majimboni, ofisi ya mbunge ya hapo nyumbani iko wazi, avae kitenge chake kizuri mwende mkakae pale kwenye viti vya wageni mpaka muitwe.