Operesheni isubiri ini lipone? Hapana, mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, umri miaka 43, kazi yangu ni kupasua mbao hapa Mafinga. Mwezi uliopita tumbo lilivimba kama ngoma, nikakaa siku mbili bila choo wala hewa kutoka. Nilipofikishwa Iringa wakasema utumbo mpana umejisokota. Waliingiza mpira kwa njia ya haja kubwa, ukafunguka, nikapata nafuu palepale. Lakini wamesema utajisokota tena, wamenipangia operesheni ya kukata kipande, zimebaki wiki tatu. Kwenye vipimo wakakuta nina homa ya ini B. Kusema ukweli niliambiwa mwaka jana nilipochangia damu, nikapuuza. Sasa daktari anasema ni sugu na ini limeanza kuwa na makovu. Mke wangu anajua habari ya utumbo tu. Hili la ini naogopa, ataniuliza nimelitoa wapi. Kaka yangu anasema nikipasuliwa ini likiwa bovu sitaamka, niahirishe nitibu ini kwanza. Ananiletea dawa ya mizizi, nakunywa kikombe asubuhi na jioni. Na nimesikia nitavalishwa mfuko wa choo. Nifanyeje?*
*Fundi, Mafinga*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nianze na hicho kikombe, maana kinaweza kukudhuru kabla hata ya wiki tatu kwisha. Kiache leo. Unachokunywa kinapita kwenye ini, na ini lako sasa hivi halihitaji kazi ya ziada ya kuchuja kitu ambacho hata aliyekichemsha hajui kina nguvu kiasi gani. Zipo dawa za mizizi zinazochoma ini la mtu mzima wa afya, sembuse la kwako. Zipo pia zinazofanya damu ichelewe kuganda, na wewe unakwenda kwenye kisu. Ukifika hospitali mwambie daktari wa nusu kaputi umeinywa kwa muda gani, na kama imebaki kwenye chupa, ibebe aione. Akikugombeza, vumilia. Tuliokuwepo mwaka 2011 tunazikumbuka foleni za Loliondo, watu wakingoja kikombe cha dawa ya mizizi cha Babu, na tunawakumbuka walioacha vidonge vyao vya hospitali kwa ajili ya kikombe.

Sasa hili la kuahirisha. Kaka yako ameshika nusu ya ukweli. Ini ndilo linalotengeneza vitu vinavyogandisha damu, ndilo linalovunjavunja dawa nyingi za usingizi, ndilo linalotengeneza protini inayosaidia mshono kufunga. Mtu ambaye ini lake limechoka kabisa, tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya njano, madaktari hufikiri mara mbili kabla ya kumpasua. Kwa hiyo hofu ya kaka ina msingi.

Ila homa ya ini B ikishakaa zaidi ya miezi sita inaitwa sugu, na sugu haimalizwi kwa dozi ya mwezi. Zipo dawa nzuri, inayotumika sana ni tenofovir, lakini kazi yake ni kumkandamiza kirusi asizidi kulila ini. Wengi wanaoianza huimeza kila siku kwa miaka. Sasa ukisema operesheni isubiri ini lipone, unaisubiri tarehe ambayo haipo kwenye kalenda. Na utumbo hausubiri. Utumbo uliojisokota ukafunguliwa kwa mpira tu, kwa wengi hujisokota tena, na safari nyingine unaweza kukukuta msituni Sao Hill saa tisa usiku. Hapo damu ikikatika kwenye kile kipande, kinaoza ndani kwa ndani. Utapasuliwa kwa dharura, mwili umejaa sumu, na hilo ini lako la makovu ndilo litakalobeba mzigo wote.

Kwa hiyo usiende kumwambia daktari "tuahirishe." Muulize hivi: ini langu linaweza kuhimili? Damu yangu inaganda kwa muda unaotakiwa? Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zipo za kutosha? Protini je? Nianze dawa ya ini kabla ya operesheni au baada? Si kila mwenye ugonjwa huu huanzishiwa dawa. Wanaangalia wingi wa virusi, hali ya ini na makovu, na kabla ya hapo watakupima VVU. Daktari wako mwenyewe akisogeza tarehe kwa wiki moja au mbili ili arekebishe kitu, kubali. Anayesogeza awe yeye, si kaka.

Mfuko nao, ule unaobandikwa tumboni choo kitokee humo. Nina habari njema kidogo. Operesheni ikipangwa mapema, tumbo limesafishwa na mgonjwa ametulia, mara nyingi daktari hukata kile kipande na kuunganisha ncha mbili siku hiyohiyo, bila mfuko. Mfuko hutumika zaidi kwenye dharura, au pale anapoona kiungo hakitashika vizuri. Kwa hiyo kukimbia operesheni kwa kuogopa mfuko ndiyo njia ya mkato ya kuupata. Hata ukiwekewa, wengi huwekewa kwa miezi kadhaa kisha utumbo unarudishwa ndani na kuunganishwa. Unafichwa chini ya shati, hunuki ukibandikwa sawasawa, na watu wanaabiria nao mabasi ya Makambako kila siku bila jirani wa kiti kujua. Omba muuguzi akuonyeshe mmoja kabla, uushike kwa mkono wako.

Tuje kwa mama watoto, maana naona ndilo hasa lililokufanya uniandikie.

Fikiria wodini. Nani atakaa na wewe? Nani atakuletea uji, atakusaidia kugeuka, atakushika mkono unapoanza kutembea? Ni yeye. Asubuhi madaktari wanapita kitanda hadi kitanda, faili limefunguliwa, mmoja anasoma kwa sauti: mgonjwa wetu, miaka 43, homa ya ini B. Mkeo amesimama pale na chupa ya chai. Unataka ajue kwa namna hiyo? Mwambie wiki hii, watoto wakishalala.

Akiuliza umeitoa wapi, jibu lipo, na ni la kweli. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, kati ya 100 wapatao 90 hubaki nao ukawa sugu. Mtu mzima akiambukizwa, kati ya 100 wanaobaki nao ni chini ya watano. Wengine mwili unaufukuza wenyewe. Sasa mtu wa miaka 43 akikutwa na homa ya ini sugu yenye makovu tayari, uwezekano mkubwa ni kwamba ameishi nayo tangu utotoni: kwa mama yake siku ya kuzaliwa, kwa wembe wa kunyolea wa nyumba nzima, kwa sindano za zamani, kwa vidonda vya watoto waliolala mkeka mmoja. Kwa ngono pia inaambukiza, sikufichi. Lakini kile kipimo hakisemi lini wala kwa nani. Kama kuna jingine la kuungama, hilo ni lako na yeye, usilichanganye na majibu ya damu. Na akipimwa akakutwa nayo, kauli hiyohiyo imlinde na yeye. Usije ukamnyooshea kidole.

Ningekuwa wewe ningesema hivi: "Mama, wakati wananipima kwa ajili ya utumbo wamekuta na homa ya ini. Inaelekea nimekuwa nayo tangu mtoto. Nimeogopa kukuambia. Nataka wewe na watoto mpimwe, na kama huna, uchanjwe." Basi. Nyamaza umsikilize. Akilia, mwache alie. Akinuna siku mbili, mwache anune, kisha mwende kituo cha afya pamoja.

Chanjo ndiyo sababu kubwa ya kutoficha. Mkeo akiwa hana maambukizi wala kinga, anachomwa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita toka ile ya kwanza. Mpaka hapo mtumie kondomu. Watoto yaelekea walishachanjwa, maana chanjo hii imo kwenye chanjo za watoto wachanga nchini tangu mwaka 2002. Tafuteni kadi zao za kliniki muone. Hata hivyo wapimwe. Nyumbani, wembe, mswaki na kikata kucha kila mtu awe na chake. Ukijikata na msumeno, funga kidonda na ufute damu kwa jiki. Kirusi hiki hukaa hai nje ya mwili hata siku saba. Sahani, vikombe, choo, kukumbatiana na mwanao havina shida, kwa hiyo asije mtu akakutengea kijiko chako peke yako. Ila kuchangia damu basi tena.

Pombe. Najua uko wapi, najua mvua zikianza ulanzi unavyomiminika, na kijana wa mbao asiyekaa kilabuni jioni anaonekana anaringa. Kwako imekwisha, ulanzi, komoni, bia, vyote. Sikupi kipimo cha kidogo kidogo kwa sababu ini lenye makovu halina cha kidogo.

Kuna jingine ambalo watu hawalitaji: mahindi na karanga zenye ukungu. Sumu ya ukungu huo, sumukuvu, ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani ya ini inapanda mara nyingi kuliko kila moja ikiwa peke yake. Mkeo anapochambua mahindi ya kusaga, punje nyeusi na za kijani zitupwe kabisa. Kwa sababu hiyohiyo ya saratani, omba upigwe ultrasaundi ya ini kila miezi sita, hata ukijisikia mzima kabisa. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu ugonjwa huu hauumi.

Maumivu ya mshono yatakuwepo. Usijinunulie diklofenaki dukani, na hata panado uliza kiasi. Siku za kwanza utaulizwa mara kwa mara kama hewa imetoka. Usione haya, kwao hiyo ndiyo habari ya kwanza kwamba utumbo umeanza kazi, na wodi nzima itafurahi na wewe. Kubeba magogo na mbao sahau kwa wiki sita au zaidi, mpaka daktari aseme. Mwambie bosi mapema atafute mtu, na wewe tafuta kazi ya kuhesabu mbao kwa muda.

Kisha kuna kaka yako. Kama mmetoka tumbo moja, na kama uliupata kwa mama, yeye naye anaweza kuwa nao na hajui. Mpigie simu, mshukuru kwa mizizi, mwambie umeacha. Halafu mwambie akapime homa ya ini kabla hajamshauri mtu mwingine. Dada zenu pia, wote.