Kufunga Kwaresima: chai ya asubuhi, samaki wa Ijumaa na futari ya jirani

Ndugu uliyeuliza kama chai ya asubuhi inavunja mfungo wa Jumatano ya Majivu, na kama samaki anaruhusiwa siku za Ijumaa, ninakujibu kama mtu aliyebatizwa ukubwani na aliyeanza kwa kukosea yote mawili.

Kwaresima yangu ya kwanza nilifunga kama nilivyowaona majirani zangu Waislamu wa Temeke wakifunga, bila hata tone la maji hadi jua lizame, nikidhani kwamba kadiri ninavyoteseka ndivyo ninavyotimiza wajibu. Katekista wangu aliposikia kwamba siku moja ya mfungo huo nilikuwa nimegombana na karibu kila mtu kazini, alicheka, kisha akanieleza kwamba sheria ya Kanisa Katoliki ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Siku za lazima za kufunga ni 2 tu, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na siku hizo mtu hula mlo kamili mmoja, pamoja na vyakula vidogo mara mbili ambavyo hata vikijumlishwa havifikii mlo mzima. Maji na dawa havizuiliwi. Kwa hiyo chai yako na kipande cha mkate ni mojawapo ya mara hizo mbili. Wajibu huu unawahusu wenye miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60, ilhali kuacha nyama, siku hizo na Ijumaa zote za Kwaresima, kunaanzia miaka 14. Mgonjwa halazimiki.

Samaki anaruhusiwa, na hapo ndipo nilipojidanganya kwa miaka kadhaa. Kila Ijumaa nilikuwa nikipitia soko la samaki la Feri kununua changu mnene, tukamkaanga na kumla kwa wali wa nazi, mlo uliotugharimu kuliko ile nusu kilo ya nyama tuliyojidai kuiacha. Hakuna aliyeweza kusema kwamba nimevunja sheria. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, jioni moja tukitoka kwenye ibada ya Njia ya Msalaba, ni kitu gani hasa tulichojinyima. Tangu hapo Ijumaa zetu ni ugali na maharage, na fedha inayobaki tunaipeleka kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, ambayo ndiyo inayojua nani amelazwa na nani amekosa ada. (Kuacha bia nako nilijaribu, lakini nilijikuta nikihesabu siku za kuirudia.)

Usishangae pia ukiona Wakatoliki wakila nyama Jumapili. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukiondoa Jumapili 6, ambazo hazifungwi, zinabaki zile 40 za Kwaresima.

Mwaka 2025 Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa imetangulia kwa siku chache tu. Ijumaa moja jirani yetu alituletea futari: magimbi ya nazi, tambi na sambusa za nyama. Kumrudishia sahani mama aliyefunga kutwa nzima lingekuwa jambo la aibu, hivyo tulimshukuru, tukala magimbi na tambi, na sambusa tukaziweka hadi kesho yake. Hazikubaki zote, kwa kuwa mwanangu mdogo alitukumbusha kwamba yeye hajafikisha miaka 14, akala zake mbili palepale.