Reli isipogusa jengo, bado litathminiwe?

Ndiyo, litathminiwe. Hoja yako kwamba reli ya mjini itapita mbele ya jengo la zamani bila kung'oa hata tofali haitoshi, angalau kwa Marekani. Mradi ukiwa na fedha au kibali cha serikali ya shirikisho, kifungu cha 106 cha sheria ya 1966 ya uhifadhi wa majengo na maeneo ya kihistoria kinataka kwanza uchorwe mpaka wa eneo linaloweza kuathirika, na hapo huangaliwa pia mtetemo, kelele na mandhari. Nguzo za umeme zikiziba sura ya mbele ya jengo, suala hilo lazima lijadiliwe.

Halafu si lazima jengo liwe limeshaorodheshwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, kustahili kunatosha. Kwa kawaida liwe na miaka 50 au zaidi, liwe na uzito wa kihistoria au wa usanifu, na libaki na sura yake ya asili. Hapo kwenye sura ndipo ubishi huwa mkali. Madirisha ya mbao yameng'olewa, yakawekwa ya alumini: bado ni jengo lile lile? Kwangu, madirisha peke yake hayaliondolei sifa ya kustahili.

Ila usitegemee 106 izuie mradi. Inalazimisha mashauriano tu. Chenye meno ni kifungu cha 4(f) cha sheria ya uchukuzi ya mwaka huohuo: mradi ukitaka kulitumia jengo lenyewe, na athari si ndogo, wenye mradi waonyeshe kwanza kuwa hakuna njia mbadala ya busara inayowezekana.