Jino la Mbwa Likitikisika, Anza kwa Kuuliza Umri

Mwenye mbwa akikuambia jino la mbwa wake linatikisika, usikimbilie mdomo. Uliza kwanza mbwa ana umri gani. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama utamtuliza mtu arudi nyumbani au utaanza kumwandaa mgonjwa kwa upasuaji. Nimemsaidia daktari wa mifugo kwa miaka mingi, na karibu kila anayeanza kazi hii huiruka hatua hiyo kwa sababu jino lenyewe limemteka macho.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Mbwa mkubwa ana 42. Yale ya utoto huanza kung'oka anapokaribia miezi 4, na akifikisha miezi 7 yote yanatakiwa yawe yamekwisha kuyapisha ya kudumu. Katika kipindi hicho jino kulegea, damu kidogo kwenye kitu anachotafuna, hata jino kumezwa lisionekane tena, ni mambo ya kawaida. Mwambie mwenye mbwa asilivute. Chonge ya utoto ina mzizi mrefu na mwembamba kuliko sehemu inayoonekana, na ikilazimishwa huvunjika, kipande kikabaki ndani ya ufizi.

Ila kuna jambo moja ulitafute kwa makini, hasa kwa mbwa wa mbegu ndogo: chonge mbili zimesimama mahali pa moja. Ya kudumu imeshachomoza na ya utoto imegoma kutoka. Hapo chakula na manyoya hunasa katikati, na chonge mpya husukumwa kando. Ile ya chini huota upande wa ndani, kwa hiyo ikikosa nafasi huishia kuchoma kaakaa kila mbwa anapofunga mdomo. Mpeleke kwa daktari mapema, usisubiri itoke yenyewe.

Kwa mbwa mkubwa mambo ni mengine kabisa. Utasikia mara nyingi, "Amezeeka tu." Umri peke yake haulegezi jino. Kinacholegeza mara nyingi ni ugonjwa wa fizi, nao huanza kimyakimya: utando laini hujijenga juu ya meno kila siku, usiposafishwa hugeuka ugaga mgumu ndani ya siku chache, kisha bakteria huingia chini ya ufizi. Ufizi ukiwa mwekundu tu bado unaweza kurudi hali yake. Mfupa unaolishika jino ukishaliwa, haurudi wenyewe. Kwa hiyo jino linapoanza kucheza, ujue ugonjwa umekuwapo siku nyingi, na meno ya jirani ambayo bado yamesimama imara yanahitaji kuangaliwa kwa bidii ileile.

Ukikuta jino moja tu limelegea na kinywa kingine chote ni safi, usiridhike na maelezo ya ugaga. Huenda aligongwa, au mzizi umevunjika, au kuna uvimbe ndani ya taya. Taya lote likiwa limelainika, daktari ataanza kufikiria figo pia. Andika ulichokiona na umwonyeshe. Usikikatie shauri mwenyewe.

Sasa nije kwenye kauli inayowachelewesha mbwa wengi kupata tiba: "Lakini anakula vizuri." Mbwa mwenye maumivu ya meno huendelea kula. Njaa humshinda, naye hubadilisha namna ya kula tu. Ndiyo maana swali la kama anakula halikufikishi popote. Uliza anatafuna upande gani. Je, chakula kinamdondoka? Anameza bila kutafuna? Ameacha mchezo wa kuvutana kamba aliokuwa akiupenda? Anakwepa akiguswa uso? Udenda umeongezeka, au una damu? Harufu mbaya ya kinywa watu wengi huichukulia kuwa ni maumbile ya mbwa, na inaniuma kila ninapoisikia ikisemwa hivyo, kwa sababu mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kabisa na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Dalili nyingine mbili haziko mdomoni kabisa. Ya kwanza ni kupiga chafya na kutokwa na kamasi au damu kwenye tundu moja la pua: ugonjwa unaozunguka chonge ya juu unaweza kutoboa mfupa hadi ndani ya pua. Ya pili ni uvimbe chini ya jicho. Watu hudhani ameumwa na nyuki, au jicho lina tatizo, kumbe ni usaha kwenye mizizi ya lile gego kubwa la juu. Uvimbe huo hupungua akipewa dawa za kuua bakteria, kisha hurudi, na utaendelea kurudi hadi jino lenyewe litibiwe.

Kabla hujamgusa mbwa yeyote anayetokwa na mate mengi, taya limening'inia au tabia imebadilika ghafla, uliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama haijulikani, mikono yako ikae mbali na mdomo huo, umwite daktari. Kwa mbwa aliyetulia huna haja ya kumpanua taya: inua mdomo wa juu taratibu kwa kidole, utazame magego ya nyuma kwa upande wa nje. Ugaga hujaa hapo zaidi kwa kuwa vijito vya mate hufungukia karibu.

Wenye mbwa huogopa nusukaputi, na hofu hiyo iheshimu. Waeleze kwamba kukwangua ugaga mbwa akiwa macho husafisha kinachoonekana tu. Ugonjwa uko chini ya ufizi, na huko hakufikiki bila kumlaza, kupima vifuko vya fizi na kupiga eksirei. Kwa mbwa mwenye afya kina cha vifuko hivyo kwa kawaida hakizidi milimita 3. Usijaribu kamwe kuling'oa kwa vidole jino lililolegea, hata likionekana limeshikwa na uzi. Mbwa wadogo huwa na taya la chini jembamba, na likiwa limeliwa na ugonjwa linaweza kuvunjika.

Baada ya kung'olewa, chakula kiwe laini kwa muda wa wiki mbili hivi, na kamba na vitu vigumu vifichwe. Wengi husikitika kwamba mbwa ataishije bila meno. Ataishi vizuri, kwani kilichokuwa kikimtesa ni meno mabovu.

Onya mapema kuhusu dawa za nyumbani. Ibuprofeni ya binadamu ni hatari kwa mbwa, na parasetamoli isitolewe bila maagizo ya daktari. Dawa ya meno ya watu nayo isitumike: mbwa hatemi, na nyingine zina zailitoli, kiungo cha kutia utamu ambacho ni sumu kwake. Mswaki uanze fizi zikishapona, kila siku ikiwezekana. Ukimpigisha mswaki kinywa kikiwa kinauma, atauchukia, na kumrudisha ni kazi kubwa. Kwa vitu vya kutafuna, bonyeza kwa ukucha. Kisipobonyea kabisa, ni kigumu vya kutosha kupasua gego.

Jino la kudumu likitoka kwa ajali likiwa zima, mwambie anayepiga simu alishike upande wa kutafunia, asiguse mzizi wala kuusugua, aliweke ndani ya maziwa, na afike ndani ya saa hiyohiyo. Mjulishe daktari kabla hawajafika.