Ukoka Uliojaa Mabaka na Ndago

SWALI: Uwanja wa nyumba yangu jijini Dar es Salaam una mabaka matupu, hasa chini ya mwembe, na kwingineko umejaa ndago. Je, nikitawanya mbegu za ukoka juu yake zitaota?

JIBU: Ndugu msomaji, zitaota chache, kisha zitazidiwa, kwa sababu ndago huchipua upya kutoka kwenye viazi vyake vidogo vilivyomo udongoni, hata ukiyang'oa majani yote. Chimba kwa jembe uma uvitoe viazi hivyo, mwagilia, subiri wiki tatu hivi, kisha ung'oe vitakavyochipuka tena. Kazi hii inachosha, lakini nakusihi usiiruke. Ndipo usawazishe udongo kwa reki, utawanye gramu 5 hadi 10 za mbegu kwa kila mita ya mraba, na uzifunike kwa udongo usiozidi nusu sentimita, kwani ni ndogo mno. Panda vuli inapoanza, wala si katikati ya masika, ambapo maji mengi huzisomba mbegu. Zisipopata mvua, zinyunyizie maji kidogo kidogo kila siku mpaka zichipue, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu. Chini ya mwembe usipande, maana ukoka hudhoofika kivulini.