Uliza Fundi: Kichwa cha Treni Kinachechemea

SWALI: Habari fundi. Nimeunga chesisi ya kichwa cha treni ya mvuke, modeli ya kipimo cha milimita 4 kwa kila futi ya treni halisi, magurudumu sita, ile inakuja bati la shaba unakata vipande unakunja unachoma na lehemu. Inatembea ila kila mzunguko kuna mahali inakwama kidogo halafu inaruka. Nimebadilisha mota, nimeongeza oili, wapi. Ninunue mota yenye nguvu zaidi?

JIBU: Hapana, mota haina kosa hapo! Ukiweka kubwa itasukuma kwa nguvu kile kilichokwama mpaka imalize gia. Toa mota na gia zake zote, weka chesisi kwenye ubao laini, inua ncha moja ya ubao taratibu. Inatakiwa iteremke yenyewe bila kusita, na yako nadhani haitateremka.

Sasa angalia pini za magurudumu, zile zinazoshika rodi za pembeni zinazounganisha gurudumu na gurudumu. Kulia na kushoto zinapishana robo mzunguko, yaani nyuzi 90, ili upande mmoja ukifika pale usipoweza kusukuma mwingine uwe unasukuma. Wengi wanahangaika na hiyo 90 wakati kwenye modeli hata 88 inatembea vizuri tu, mradi ekseli zote tatu ziwe 88, maana moja ikiwa 90 na jirani yake 87 zile rodi za pembeni zinaanza kuvutana na ndo huko kuchechemea kwako.

Pembe zikiwa sawa, bado kuna umbali. Kutoka tundu hadi tundu kwenye rodi lazima kulingane na kutoka ekseli hadi ekseli, na bushi, kile kipete ekseli inapopita, ikichomwa imehama kidogo tu imeshaharibu. Kama rodi zako zina kiungo katikati una bahati: funga za ekseli mbili za mbele peke yake, sukuma kwa kidole, kisha za nyuma peke yake, utajua mbaya ni ipi. Hapo panua tundu la rodi kidogo kidogo, zungusha kifaa cha kupanulia mara mbili, jaribu, zungusha tena. Mimi ya kwanza nilipanua kwa hasira mpaka rodi zikawa zinapiga kelele kama sufuria. Na usiguse matundu ya ekseli, hayo yakilegea umekwisha.

Iweke pia juu ya kioo. Gurudumu moja likining'inia, fremu imejipinda, yeyusha lehemu ya kipande kimoja cha katikati uiache ikae sawa ndo uchome tena. Kwenye reli gurudumu linaloning'inia halichukui umeme.

Halafu ulisafisha flaksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike? Ya asidi ikibaki, ekseli za chuma zinashika kutu, na kutu nayo inakwamisha. Osha kwa maji na mswaki, kausha, oili tone moja kwa ncha ya sindano kila bushi. Mota irudi ukishaona chesisi inateremka yenyewe.